Miaka miwili hapa, miwili kule: njia ya uhandisi ilivyochongwa Marekani

Najua nimepotea. Mitihani ya katikati ya muhula imetukaba koo hapa chuoni, watu wanapiga msuli mpaka alfajiri. Leo nimepata upenyo kidogo, na kuna deni nataka kulilipa. Kila wiki napata barua pepe za washkaji walioko nyumbani, wengi wamemaliza kidato cha sita na PCM yao safi, na swali ni lile lile: eti kaka, ni kweli mtu anaweza kuanza uhandisi kwenye chuo cha jamii cha bei poa huko Marekani, halafu akahamia chuo kikuu akiwa mwaka wa tatu?

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni historia, na hilo ndilo la leo. Msinikimbie jamani! Historia hii haikuandikwa kwa ajili ya mtihani. Ukijua ni nani aliyeichonga hii njia, na alikuwa anatafuta nini, utajua kwa nini ina mashimo pale yalipo, na utajua pa kukanyaga.

Kwanza tuelewane kuhusu chuo chenyewe. Kwetu, mtu akichukua diploma ya ufundi pale DIT (wazee bado wanaiita Dar Tech, ilianza mwaka 1957 na ikawa DIT mwaka 1997), ile diploma ni safari iliyokamilika. Unapata cheti, unaingia kazini. Ukitaka digrii baadaye, mara nyingi unaomba upya na kuanza na madogo wa mwaka wa kwanza. Chuo cha jamii cha Marekani ni mnyama mwingine. Ni chuo cha miaka miwili chenye milango miwili ndani ya jengo moja. Mlango mmoja unatokea kazini, na mwingine unatokea chuo kikuu, mwaka wa tatu. Tatizo ni kwamba milango hiyo inafanana sana, na ukishaingia mmoja kurudi ni gharama. Nitalirudia hili mbele.

Sasa twende Chicago. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufundisha mwaka 1892, rais wake wa kwanza akiwa William Rainey Harper. Huyu bwana alivutiwa sana na vyuo vikuu vya Ujerumani, ambako chuo kikuu kilikuwa mahali pa utafiti na masomo ya juu, na mambo ya msingi mtu alitakiwa kuyamaliza kabla ya kufika. Basi akaikata digrii ya miaka minne vipande viwili, miaka miwili ya chini na miwili ya juu. Mwaka 1900 chuo chake kikaanza kutoa cheti kwa aliyemaliza kipande cha chini. Cheti hicho ndicho babu wa hii digrii ya miaka miwili ambayo leo inaitwa asosieti.

Mwaka 1901, kwenye mji wa Joliet, Illinois, Harper na J. Stanley Brown, aliyekuwa mkuu wa sekondari ya pale, wakaanzisha masomo ya miaka miwili ya chuo kikuu ndani ya sekondari hiyo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa sita tu. Ndiyo, sita! Chuo hicho kipo mpaka leo, na ndicho chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani.

Hapo nataka mtulie kidogo. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba vyuo hivi vilizaliwa kwa huruma ya kumwinua mtoto wa maskini. Huruma ilikuja, lakini ilikuja baadaye. Mwanzoni wakubwa wa vyuo vikuu walitaka kupunguza mzigo wa kufundisha wanaoanza, ili wao wabaki na utafiti. David Starr Jordan wa Stanford na Alexis Lange wa Berkeley walikuwa na mawazo yanayofanana na ya Harper. California ikapitisha sheria mwaka 1907 kuziruhusu sekondari kufundisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, na Fresno ikawa ya kwanza kufanya hivyo mwaka 1910.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, anayesema kozi hii inahesabika au haihesabiki ni chuo kikuu kinachokupokea. Chuo cha jamii kinafundisha, chuo kikuu kinapitisha. Miaka zaidi ya 120 imepita, na hapo hapajabadilika. Likamateni hilo, maana mengine yote ya leo yanatoka hapo.

Huruma sasa. Mwaka 1944, vita ikiwa bado inapiganwa, Marekani ikapitisha sheria ya kuwasomesha askari watakaorudi nyumbani. Walipoanza kurudi, vyuo vikafurika. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikasema wazi kwamba elimu ya juu isiwe ya wachache, na kwamba kuwe na vyuo vya karibu na makazi ya watu, ada yake iwe ndogo au isiwepo kabisa. Jina "chuo cha jamii" lilienea sana kutokana na ripoti hiyo. Kabla ya hapo watu wengi waliviita vyuo vidogo.

Halafu mwaka 1960 California ikatoa mpango wake mkuu wa elimu ya juu, ambao Clark Kerr wa Chuo Kikuu cha California alikuwa mmoja wa vinara wake. Mpango ulikuwa na ngazi tatu. Wanafunzi wa sekondari waliomo kwenye asilimia 12.5 ya juu wanastahili Chuo Kikuu cha California, yaani akina Berkeley na UCLA. Walio kwenye theluthi ya juu wanastahili vyuo vikuu vya jimbo. Wengine wote waliobaki mlango wao ni chuo cha jamii, na wakifanya vizuri huko watapanda kwenda juu. Ili nafasi zao ziwepo, chuo kikuu kikatakiwa kubeba wanafunzi 60 wa miaka ya juu kwa kila 40 wa miaka ya chini. Maana yake viti vya mwaka wa tatu viliachwa wazi makusudi, vikimsubiri mtu atakayepanda kutoka chini. Miaka hiyo ya 1960 vilifunguliwa vyuo vya jamii vya umma zaidi ya 450 nchi nzima. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu kimoja kila wiki!

Sawa, lakini uhandisi je? Mtu anaweza kuuliza, nitasomeaje uinjinia kwenye chuo kisicho na maabara kubwa wala karakana ya maana? Hapa kuna kipande cha historia ambacho hata wenyeji wengi hawakijui.

Zamani mwanafunzi wa uhandisi wa Marekani alitumia muda mwingi wa miaka ya mwanzo kwenye michoro, upimaji wa ardhi na karakana. Vita ya pili ikaja na rada na bomu la atomiki, na watu wakagundua kwamba kwenye kazi hizo wanafizikia walikuwa mbele kuliko mainjinia. Wenye fani yao wakajiuliza: tumewafundisha nini hawa vijana? Mwaka 1955 kamati ya chama cha walimu wa uhandisi, ikiongozwa na Linton Grinter, ikatoa ripoti iliyopindua mitaala. Hisabati zaidi, fizikia na kemia zaidi, na juu yake sayansi za uhandisi: mekanika, mwendo wa vimiminika, joto, umeme, tabia za mata. Miaka miwili baadaye, mwezi Oktoba 1957, Warusi wakarusha Sputnik, na waliokuwa wakisitasita wakanyamaza.

Kwa mtazamo wangu, mapinduzi hayo yaliisaidia sana njia ya kuhama. Kalkulasi haihitaji karakana. Inahitaji ubao, chaki, mwalimu anayejua na mwanafunzi asiyelala. Kalkulasi ya Joliet na kalkulasi ya Berkeley ni ile ile. Nusu ya kwanza ya uhandisi ikawa kitu kinachobebeka. Lakini mapinduzi hayo hayo yakaleta mtego, maana hisabati inapandwa kama ngazi, huwezi kuruka kidato.

Angalieni ngazi yenyewe. Muhula wa kwanza kalkulasi ya kwanza na kemia. Wa pili kalkulasi ya pili na fizikia ya mekanika, ile inayotumia kalkulasi. Wa tatu kalkulasi ya tatu, fizikia ya umeme na sumaku, pamoja na statiki. Wa nne milinganyo ya diferenshali, aljebra ya mstari, na kozi za tawi lako: dinamiki kwa wa mitambo na wa majengo, saketi kwa wa umeme. Mahali fulani hapo katikati kuna programu za kompyuta. Mihula minne imekwisha, na kila kidato kinashikilia kinachofuata. Ukiangusha kalkulasi ya pili, umesogeza fizikia ya umeme, umesogeza saketi, na pengine umesogeza safari nzima kwa mwaka, kwa sababu vyuo vidogo hufundisha baadhi ya kozi hizi muhula mmoja tu kwa mwaka.

Ukianzishwa chini ya kalkulasi, kwa mfano kwenye aljebra na trigonometria, ile "miaka miwili" inakuwa mitatu kabla hujakaa vizuri. Ndugu zangu wa PCM hapa nawasisitizia. Hesabu za kidato cha sita cha kwetu zina diferensheni na integresheni ndani. Usikubali kupangiwa darasa la chini kwa sababu tu karani hajui cheti chako kina nini. Uliza utaratibu wao wa kukupima, na upimwe.

Sasa turudi kwenye milango miwili. Vyuo vya jamii hutoa digrii ya miaka miwili ya sayansi, ambayo imepangwa kwa ajili ya kuhama. Hutoa pia digrii ya miaka miwili ya sayansi tumizi, ambayo imepangwa kwa ajili ya kazi: fundi sanifu wa elektroniki, wa michoro ya kompyuta, wa mitambo ya viwandani. Hii ya pili siidharau hata kidogo. Inalisha familia, tena wengine wanalipwa vizuri kuliko wenye digrii nne. Lakini hesabu yake na fizikia yake mara nyingi hazitumii kalkulasi, na chuo kikuu cha uhandisi hakizihesabu. Kuna jamaa mmoja tunasoma naye hapa (jina naliweka kapuni) aliyemaliza miaka miwili ya namna hiyo kwenye chuo fulani. Aliambiwa na aliyemwandikisha kwamba "yote ni uhandisi tu". Alipofika hapa zikapokelewa Kiingereza, historia na kozi nyingine chache. Ameanza kalkulasi ya kwanza akiwa na miaka 24, na ada ya miaka miwili iliyopita hakuna wa kumrudishia.

Na wala siyo yeye peke yake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti mwaka 2017 iliyowaangalia wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009, wa aina zote. Ilikadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu! Takwimu za kitaifa zilizotolewa mwaka 2024 nazo zilionyesha kwamba kati ya wanafunzi walioanza chuo cha jamii mwaka 2015, karibu theluthi moja walihamia chuo kikuu, na kama 16 tu kati ya 100 walikuwa na digrii ya kwanza baada ya miaka sita. Si wote waliokuwa wanataka digrii, hilo kweli. Lakini wengi walitaka.

Serikali za majimbo ziliuona ugonjwa huu mapema. Florida mwaka 1971 ikaweka makubaliano ya jimbo zima kati ya vyuo vyake vya jamii na vyuo vikuu vyake, kisha ikazipa kozi namba zinazofanana. California mwaka 1985 ikaanzisha mfumo wa kompyuta unaoitwa ASSIST, ambao leo uko kwenye intaneti bure. Unachagua chuo chako cha jamii, unachagua chuo kikuu unachokitaka na fani, unaona kozi ipi inatambuliwa kama ipi. Mwaka 2010 ikapitisha sheria ya digrii maalumu ya kuhama: ukimaliza krediti 60 za mpango huo unahakikishiwa nafasi ndani ya vyuo vikuu vya jimbo, na unabakiza 60 nyingine.

Lakini wadau, kwa miaka mingi uhandisi ulibaki nje ya mpango huo. Sababu ni ile ngazi. Ukijumlisha kalkulasi zote, fizikia, kemia, statiki na kozi za jumla ambazo kila mtu lazima asome, krediti 60 hazitoshi. Sheria iliyoandikwa kumrahisishia kila mtu ikampita injinia pembeni. Kwa hiyo mtu wa historia au biashara anaweza kufuata mpango wa jumla na akafika salama. Wewe wa uhandisi unatakiwa uwe na karatasi ya chuo kikuu kimoja kimoja mkononi.

Ndiyo maana nasema panga kutokea nyuma. Usianze na orodha ya kozi za chuo cha jamii. Anza na chuo kikuu unakotaka kuishia, kwanza ukihakikisha fani yenyewe ina ithibati ya ABET, chombo kinachopitisha programu za uhandisi hapa. Kilizaliwa mwaka 1932 kwa jina jingine, na hilo la sasa kilichukua mwaka 1980. Fungua mtaala wa mwaka wa tatu. Kila kozi ya mwaka huo inadai nini kabla yake? Ziandike. Rudi nyuma hatua moja, andika zinazodaiwa na hizo. Ukifika kwenye kalkulasi ya kwanza umeshapata ramani yako. Fanya hivyo kwa vyuo vikuu vitatu, maana havilingani: kimoja kitadai kemia ya kaboni kwa uhandisi wa kemikali, kingine kitadai lugha fulani ya programu. Zile zinazojirudia kote, soma mwanzo. Zile za chuo kimoja tu, ziweke mwisho.

Halafu mambo ya sisi wageni. Kwa viza ya F-1 unatakiwa usome krediti zisizopungua 12 kila muhula, kwa hiyo muhula ambao kozi ya ngazi haifundishwi utajikuta unalipia kozi za kujaza. Zile kozi za jumla usizimalize zote mwaka wa kwanza. Zibakize, zitakuokoa hapo. Na bei mnazoziona kwenye mtandao msizikimbilie. California imekuwa ikimtoza mkazi wake dola 46 kwa krediti tangu mwaka 2012 (mpaka mwaka 1984 alikuwa hatozwi kabisa). Mgeni anaongezewa juu yake dola mia kadhaa kwa kila krediti. Bado ni nafuu kuliko chuo kikuu, lakini mzee wako akiuza shamba, auze akijua hesabu kamili.

Msije mkadhani nawavunja moyo. Robert Gibson alipata digrii yake ya miaka miwili ya sayansi ya uhandisi mwaka 1966 kwenye chuo cha jamii cha Suffolk, New York. Akavuka nchi nzima kwenda Cal Poly, California, akachukua digrii ya uhandisi wa ndege mwaka 1969. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa kamanda wa chombo cha anga cha kwanza cha Marekani cha aina ya shato kuungana na kituo cha Warusi cha Mir. Eileen Collins alianza hesabu na sayansi kwenye chuo cha jamii cha Corning, akamaliza mwaka 1976, akahamia Syracuse. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya shato kama kamanda. Hawa walipita mlango ule ule ambao watu wanaucheka.

Ila tazameni tena miaka ya Gibson: 1966 mpaka 1969. Ni mitatu baada ya ile ya kwanza. Hata mtu aliyekuja kuongoza chombo angani, hesabu ya mbili jumlisha mbili haikumpa nne. Mwambie mzazi anayekulipia kwamba ni miaka mitano, na umwambie kabla hajatoa senti ya kwanza. Ukimaliza kwa minne, mtafanya sherehe.

Harper alitaka chuo kikuu chake kipumue. Truman na Kerr walitaka mtoto wa mtu wa kawaida apate pa kupandia. Mpaka leo njia hii imebeba nia zote mbili, ndiyo maana mlango uko wazi na bado mlinzi kakaa pale akikagua tiketi. Tiketi ni kozi zako. Mlinzi yuko chuo kikuu, hayuko pale unapojiandikisha. Muulize yeye kwanza, upate jibu kwa maandishi, ulitunze.

Haya, mimi narudi kwenye msuli, Jumatatu kuna mtihani wa joto na hautaniacha salama. Tuko pamoja. Alamsiki!